Mvinyo mwekundu wa kilimo hai wa Argentina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuuonja na kuupangia chakula

Alama ya kilimo hai kwenye chupa ya Argentina inathibitisha nini hasa?

Inathibitisha namna zabibu zilivyolimwa na vitu vilivyoruhusiwa kuingia kwenye mvinyo. Haithibitishi ladha. Upo mvinyo wa kilimo hai mzuri sana na upo wa hovyo, kama ilivyo kwa mvinyo wa kawaida. Muuzaji akikwambia kwamba kilimo hai kinatambulika kwa ulimi, mwache aseme.

Argentina ina sheria yake ya kilimo hai, namba 25.127 ya mwaka 1999. Msimamizi ni SENASA, taasisi ya serikali inayoshughulikia afya ya mimea na mifugo, na ukaguzi wa mashamba hufanywa na kampuni zilizoidhinishwa, kama Argencert, Letis na OIA. Ukigeuza chupa utakuta jina la mojawapo upande wa nyuma, mara nyingi kwa herufi ndogo. Shambani hairuhusiwi kutumia dawa za kuua magugu, mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani. Kinachoruhusiwa ni unga wa salfa, shaba kwa kiasi chenye ukomo, samadi, na mboji inayotengenezwa kwa machicha ya zabibu zilizokamuliwa. Chupa zinazouzwa Ulaya hubeba pia jani la kijani lililochorwa kwa nyota. Alama ya Kilimohai tunayoiona kwenye asali na chai za kwetu usiitafute hapa: hiyo inafuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007.

Je, "zabibu za kilimo hai", "biodinamiki" na "mvinyo wa asili" ni kitu kilekile?

Hapana, na tofauti kubwa iko kwenye salfaiti, kihifadhi kinachozuia mvinyo usiharibiwe na hewa au bakteria. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mavuno ya 2012, mvinyo mkavu mwekundu wa kilimo hai unaruhusiwa kuwa na salfaiti hadi miligramu 100 kwa lita. Ule wa kawaida unaruhusiwa 150. Marekani wana msimamo mkali zaidi: chupa ikiandikwa "mvinyo wa kilimo hai" haikuongezwa salfaiti kabisa, na iliyoongezwa kidogo inaandikwa tu kwamba imetengenezwa kwa zabibu za kilimo hai. Kwa hiyo mvinyo mmoja, wa shamba moja na mwaka mmoja, unaweza kuitwa jina moja Hamburg na jina jingine Boston.

Biodinamiki ni kilimo hai kilichoongezewa taratibu za ziada, kama kalenda ya mwezi na dawa za mitishamba na samadi, na muhuri wake mkuu ni Demeter. "Mvinyo wa asili" hauna kiwango kimoja cha kimataifa. Ukiona maneno hayo peke yake bila muhuri, ni kauli ya mtengenezaji.

Kwa nini Argentina inaweza kulima hivi bila taabu kubwa?

Kwa sababu ya ukavu. Mendoza, mkoa unaotoa zaidi ya theluthi mbili ya mvinyo wa nchi hiyo, uko chini ya milima ya Andes na hupata mvua ya takriban milimita 200 hadi 250 kwa mwaka. Hata Dodoma, penye mizabibu ya Tanzania na sifa ya ukame, hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukungu wa majani na kuoza kwa vichala hutaka unyevu, na unyevu haupo. Maji ya kumwagilia hutokana na theluji ya milimani. Tangu zamani hupita kwenye mifereji ya wazi, ambayo Wahuarpe, wenyeji wa huko, walikuwa wakiitumia kabla Wahispania hawajafika. Mashamba mapya mengi humwagilia kwa matone.

Isidhaniwe kwamba mkulima analala usingizi. Mvua ya mawe ya kiangazi inaweza kumaliza shamba kwa dakika kumi, na punje zilizopasuka huoza haraka, ndiyo maana mizabibu mingi ya Mendoza imefunikwa kwa nyavu. Kuna Zonda, upepo wa joto unaoteremka kutoka Andes na kukausha maua. Kuna pia nondo wa zabibu, Lobesia botrana, aliyegunduliwa Mendoza mwaka 2010. Mkulima wa kilimo hai hampulizii sumu. Hutundika shambani vifaa vinavyotoa harufu ya nondo jike, dume akachanganyikiwa, asimwone mwenzake.

Mwinuko unabadilisha nini kwenye glasi?

Karibu kila kitu. Bonde la Uco, kusini magharibi mwa mji wa Mendoza, lina mashamba ya kati ya mita 900 na 1,500 hivi. Cafayate, kaskazini katika mkoa wa Salta, iko karibu mita 1,700, na mkoa huohuo una mizabibu iliyopita mita 3,000. Mchana jua ni kali, na mionzi yake hufanya ganda la zabibu kuwa nene na jeusi. Usiku baridi hushuka, na uchachu wa tunda haupotei. Matokeo ni mvinyo wenye rangi nzito na nguvu, lakini bado unaamsha mate. Malbec, zabibu nyekundu maarufu ya Argentina, ikitoka mabonde ya chini yenye joto huwa laini na tamutamu zaidi, na wengi huipenda hivyo.

Malbec ilifikaje huko?

Asili yake ni kusini magharibi mwa Ufaransa, hasa Cahors, ambako pia huitwa Côt. Mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliileta Mendoza mwaka 1853 pamoja na aina nyingine, katika mpango ulioungwa mkono na Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye akawa rais. Muswada wa kuanzisha shule ya kilimo uliwasilishwa tarehe 17 Aprili mwaka huo, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Malbec Duniani. Ufaransa, mdudu wa filoksera aliteketeza mizabibu baadaye katika karne hiyo. Argentina madhara yake yalikuwa madogo, na hadi leo mizabibu mingi husimama kwa mizizi yake yenyewe bila kupandikizwa.

Kuna zabibu nyingine nyekundu za kujaribu?

Bonarda, na inastahili kupendwa kuliko inavyopendwa. Ndiyo ileile Douce Noire ya Savoie, Ufaransa. Ina matunda mengi, ukakasi kidogo, na bei yake kwa kawaida iko chini ya Malbec. Cabernet Franc ya Bonde la Uco ina harufu ya majani ya pilipili hoho na uchachu safi. Mkoa wa San Juan una Syrah. Patagonia, kwenye baridi zaidi, kuna Pinot Noir nyepesi.

Maneno ya kwenye lebo yana maana gani?

Jina la zabibu likiandikwa peke yake, angalau asilimia 85 ya mvinyo ni zabibu hiyo. "Reserva" kwa mvinyo mwekundu ni neno lenye masharti: lazima uwe umekomazwa angalau miezi 12. "Gran Reserva" ni miezi 24. Sheria hizi husimamiwa na Instituto Nacional de Vitivinicultura, taasisi ya taifa ya mvinyo. Lakini maneno hayo yanaeleza muda na kazi iliyofanyika baada ya mavuno. Kwa chupa ya kunywa na nyama ya kuchoma siku ya Jumapili, Reserva si lazima, na mara nyingi si chaguo bora, kama tutakavyoona.

Angalia pia mwaka. Mavuno ya Argentina ni kati ya Februari na Aprili, hivyo chupa ya 2023 ya Mendoza ina umri mkubwa kwa miezi kama sita kuliko ya 2023 ya Ulaya. Halafu angalia jina la mahali: Luján de Cuyo, Tupungato, Gualtallary, Paraje Altamira, Cafayate. Kadiri mahali panavyotajwa kwa udogo, ndivyo mtengenezaji anavyojifunga zaidi kwa kauli yake. Iliyoandikwa "Mendoza" tu inaweza kuwa mchanganyiko wa mashamba yaliyo mbali sana.

Mvinyo wa kilimo hai hauumizi kichwa?

Unaumiza, ukizidisha. Chupa nyingi hizi zina alkoholi ya asilimia 13.5 hadi 14.5. Glasi moja ya mililita 150 yenye asilimia 14 ina takriban gramu 16.5 za alkoholi halisi, na mwili haujali zabibu ililimwaje. Watu husingizia salfaiti, lakini matunda makavu ya rangi ya dhahabu, kama aprikoti, mara nyingi yana salfaiti nyingi kuliko mvinyo mwekundu, na hakuna anayelalamika baada ya kuyala. Wenye pumu inayoamshwa na salfaiti ndio wanaopaswa kuwa waangalifu kweli. Hata mvinyo usioongezwa kitu una salfaiti kidogo, kwa kuwa hamira yenyewe huitoa wakati wa kuchachuka.

Uwe na joto gani unapouonja?

Hapa ndipo chupa nyingi nzuri zinapouawa. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi ya nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kina nyuzi 30. Kwenye joto hilo alkoholi hupanda puani na kuziba kila kitu, tunda hugeuka jamu, na mvinyo uliolimwa kwa makini mlimani huonekana mzito na wa kuchosha.

Lenga nyuzi 16 hadi 18 kwa Malbec iliyokaa kwenye pipa, 14 hadi 15 kwa isiyokaa na kwa Bonarda. Chupa iliyokuwa mezani kwenye nyuzi 30 iweke kwenye friji kama saa moja na nusu. Kama wageni wameshaingia, tumia ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu, chupa izame hadi shingoni, dakika 12 hadi 15. Maji ni lazima, kwa sababu barafu pekee haigusi chupa vizuri. Nairobi, ambako nyumba huwa na nyuzi 22 au 23, dakika 45 hadi saa moja kwenye friji zinatosha. Kisha mimina kidogokidogo: kwenye ukanda wa joto mvinyo uliopo kwenye glasi unapanda haraka, na aliyejaziwa glasi hadi juu atamalizia supu.

Ukiupoza kupita kiasi, tofauti yake utaijua mdomoni: harufu inafifia na ukakasi unakuwa mkali. Shika tumbo la glasi kwa viganja viwili kwa dakika chache, utarudi.

Nitumie glasi gani, na kiasi gani?

Glasi yenye tumbo pana na mdomo unaobana kidogo, isiyo na rangi wala nakshi. Inuse kabla ya kumimina. Harufu ya sabuni ya vyombo au ya kabati la mbao huharibu uonjaji kuliko watu wanavyodhani. Suuza kwa maji matupu, na ikiwezekana zungushia tone la mvinyo ulimwage. Kwa kuonja, mililita 50 hadi 60 kwa mtu: chupa moja ya mililita 750 inatosha watu 12. Kwa mlo, mililita 120 hadi 150.

Hatua za kuonja ni zipi?

Anza na macho. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na utazame ukingoni, pale mvinyo unapokuwa mwembamba. Malbec changa ina zambarau iliyoiva katikati na urujuani unaokaribia waridi pembeni. Ikikomaa miaka minane au kumi, ukingo huelekea rangi ya tofali. Mvinyo wa miaka miwili wenye ukingo wa kahawia umepigwa na joto au hewa, hata kama umehifadhiwa "vizuri" kwa maneno ya muuzaji.

Pua inafuata. Nusa mara ya kwanza bila kutikisa, kwa sababu harufu nyepesi za maua hupotea mapema. Kisha weka glasi mezani, izungushe mara tano sita, unuse tena kwa pumzi fupifupi. Malbec isiyopitia pipa hutoa zambarau, forosadi, cheri nyeusi na maua ya urujuani. Pipa la mwaloni huongeza vanila, moshi, kahawa na karafuu. Karafuu hiyo si mawazo ya mtu: mbao zikichomwa ndani ya pipa hutoa yujenoli, kemikali ileile inayotawala kwenye karafuu za Pemba na Unguja. Mwaloni wa Marekani huongeza pia harufu ya nazi. Ukinusa nazi, vanila na karafuu tu, bila tunda, pipa limemeza mvinyo.

Mdomoni chukua kama kijiko kimoja cha chakula. Kizungushe kifike kwenye fizi na pande zote za ulimi, vuta hewa kidogo kupitia midomo iliyofunguka kidogo, kaa nacho sekunde nane au kumi. Jiulize mambo kwa mpangilio. Kuna utamu? Kwa kawaida hakuna. Tunda lililoiva hudanganya. Uchachu je? Teremsha kidevu uone kama mate yanajaa chini ya ulimi. Ukakasi uko wapi, kwenye fizi za mbele au kila mahali? Koo linaungua kwa alkoholi? Tema kwenye kikombe, kisha hesabu kimoyomoyo ladha inadumu sekunde ngapi. Chini ya tano ni mvinyo wa kawaida. Ukifika kumi na bado unaonja tunda, si alkoholi wala mbao, chupa hiyo ina kitu.

Andika wakati huohuo, maneno matano yanatosha. Baada ya glasi ya tatu kumbukumbu ya ulimi haiaminiki.

Ukakasi ni kasoro?

Si kasoro. Ni tanini, zinazotoka kwenye ganda na kokwa za zabibu na kwenye mbao za pipa. Hushikana na protini za mate, mate hupoteza utelezi, na mdomo hukauka jinsi unavyokauka ukila bibo la korosho. Swali ni aina yake. Tanini za Malbec nzuri ni laini, huhisi kama mahameli kwenye fizi. Mbaya hukwaruza na kuacha uchungu nyuma ya ulimi, dalili ya zabibu zilizovunwa kabla kokwa hazijaiva au kukamuliwa kwa nguvu.

Ni bora uliokaa kwenye pipa au usiokaa?

Kwa meza ya kwetu yenye ndimu, pilipili na mkaa, tunachagua usiokaa au uliokaa miezi michache. Pipa huongeza tanini na utamu wa harufu, na vyote viwili hugombana na pilipili. Mvinyo wa pipa una mahali pake: nyama nene yenye mafuta, viungo vichache, na watu wasio na haraka. Siku hizi watengenezaji wengi wa kilimo hai hutumia matangi ya zege au mapipa yaliyokwisha tumika, ili tunda lisikike.

Lazima uumimine kwenye jagi kabla?

Malbec changa, hasa yenye pipa, hufaidika na dakika 30 hadi 60 kwenye jagi pana. Isiyopitia pipa haihitaji. Iliyozidi miaka kumi mimina taratibu ili kuacha mashapo chini, kisha uinywe bila kuiachia muda mrefu. Mvinyo ambao haukuchujwa una mashapo hata ukiwa mchanga; hayana madhara, ila yanakera kwenye meno. Simamisha chupa wima tangu jana yake.

Usisahau kwamba jagi nalo linapata joto. Kwenye mji wa pwani, litie kwenye beseni la maji baridi.

Nitajuaje kwamba umeharibika?

Harufu ya kadibodi iliyolowa, au ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka: hiyo ni kemikali ya TCA kutoka kwenye kizibo. Tunda hupotea kabisa, na hewa haisaidii. Rudisha chupa.

Siki au rangi ya kucha: bakteria wamepata hewa. Chembe yake huweza kuvumilika, zaidi ya hapo ni ya kumwaga.

Yai bovu au kiberiti kilichozimwa: mvinyo ulikosa hewa. Huu unapona. Umimine kwenye jagi na kuutikisa sana. Dakika 20 mara nyingi zinatosha.

Zizi la farasi au plasta ya kidonda: hamira ya Brettanomyces. Chupa zenye salfaiti kidogo au zisizo nayo huipata kwa urahisi zaidi. Kuna wanaoipenda kwa kiasi, na hatutagombana nao.

Jamu iliyopikwa, kizibo kilichosukumwa juu, michirizi ya mvinyo kando ya shingo: chupa ilikaa kwenye kontena au dirisha la duka lenye jua. Kwa anayenunua Afrika Mashariki hii ndiyo kasoro ya kuogopa zaidi, na unaweza kuikwepa kabla ya kulipa. Pitisha kidole juu ya kizibo kupitia kifuniko cha bati; kikiwa kimevimba, rudisha rafuni. Kifuniko cha kuzungusha hakionyeshi dalili hiyo, lakini kinaondoa hatari ya TCA ya kizibo.

Kwa nini unasifiwa na nyama ya ng'ombe?

Protini na mafuta ya nyama huzipa tanini kitu kingine cha kushika badala ya mate yako, na chumvi hupunguza uchungu. Ndiyo maana mvinyo uliokwaruza peke yake unalainika ukishatafuna kipande.

Asado, nyama choma ya Argentina, imejengwa juu ya hilo. Kuni huchomwa pembeni mpaka ziwe makaa mekundu yenye majivu meupe, kisha makaa husogezwa chini ya wavu. Moto wa ndimi hautakiwi. Nyama hutiwa chumvi ya punje nene na basi, bila kulowekwa. Tira de asado, mbavu zilizokatwa kwa kukingama, hukaa upande wa mfupa kwa sehemu kubwa ya muda, zigeuzwe mwishoni. Vacío, nyama ya ubavu wa nyuma yenye utando wa mafuta, hupikwa polepole. Entraña, nyembamba ya kiwambo, ni dakika chache kila upande kwenye makaa makali.

Tira na vacío hutaka Malbec ya Uco yenye pipa la wastani. Entraña ina ladha ya damu na chuma, Cabernet Franc inaifaa. Soseji na morcilla, ambayo ni utumbo uliojazwa damu, zipe Bonarda iliyopozwa. Tahadhari moja: nyama iliyoungua hadi nyeusi ina uchungu, na uchungu huo ukikutana na tanini unaongezeka.

Chimichurri na kachumbari haviharibu mvinyo?

Vinaweza. Siki au ndimu ikizidi uchachu wa mvinyo, mvinyo hubaki bapa, kama umetiwa maji. Chimichurri ya kufaa: kikombe kimoja cha pasli iliyokatwakatwa, punje nne za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chai vya oregano kavu, kijiko kimoja cha chai cha pilipili iliyopondwa na kimoja cha chumvi, nusu kikombe cha mafuta, na siki ya mvinyo mwekundu vijiko viwili vya chakula badala ya vitatu au zaidi. Iache itulie saa mbili. Paka nyama, usiimwagie.

Kachumbari: osha vitunguu kwa chumvi na suuza mpaka ukali utoke, punguza ndimu nusu, na pilipili iwekwe kwenye kibakuli chake. Pilipili na alkoholi ya asilimia 14 huongezeana moto. Anayependa kuwashwa atafurahi. Mwenzake atalaumu mvinyo.

Na mbuzi choma, mishkaki, kuku?

Mbuzi hana mafuta mengi, kwa hiyo tanini nzito humkausha zaidi. Malbec bila pipa, nyuzi 15, ndiyo yake. Argentina wenyewe hula mbuzi mchanga wa kuchoma, hasa Malargüe, kusini mwa Mendoza. Mbavu zenye ngozi ya mafuta zinaweza kubeba Reserva, paja haliwezi.

Mishkaki iliyolowekwa kwa tangawizi, kitunguu saumu na papai ina viungo vya kutosha: Bonarda au Syrah ya San Juan. Ikilowekwa kwa ukwaju na sukari, shida inaanza, maana utamu kwenye chakula hufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mchungu. Kuku wa kuchoma, Bonarda au Pinot Noir ya Patagonia. Kuku wa nazi, hapana. Chukua mvinyo mweupe.

Samaki hawezekani kabisa?

Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kutoa shombo na ladha ya sarafu mdomoni. Jodari wa kuchoma, asiyeiva sana katikati, anaweza kwenda na Pinot Noir baridi. Dagaa, changu na kamba waachie Torrontés, zabibu nyeupe ya Argentina yenyewe.

Asiyekula nyama ale nini nao?

Maharage yaliyoungwa kwa nyanya na vitunguu vilivyokaangwa hadi kahawia, uyoga wa kuchoma kwa chumvi, biringanya za mkaa, ugali wa dona. Sukuma wiki ina uchungu kidogo: ipike na vitunguu vingi, chumvi isipungue. Humita, mahindi mabichi yaliyosagwa na kufungwa kwenye maganda yake, ina utamu, na Malbec laini ya mabonde ya chini huivumilia.

Kwa jibini, jaribu provoleta: kipande cha provolone chenye unene wa sentimita mbili, oregano na pilipili kavu juu, kwenye kikaango cha chuma kilichopata moto, dakika mbili hadi tatu kila upande. Kipande kikiwa chembamba au kikaango hakijapata moto, jibini humwagika lote. Chokoleti tuiache, hata ile nyeusi ina utamu wa kutosha kuuharibu mvinyo mkavu.

Unafaa kwa wasiotumia mazao ya wanyama?

Si lazima. Kilimo hai kinaruhusu kusafisha mvinyo kwa ute wa yai, protini ya maziwa au jelatini. Anayetaka kuepuka hayo atafute muhuri wa vegan, au chupa ambayo haikusafishwa.

Nikitaka kuonjesha watu chupa kadhaa, nizipange vipi?

Nyepesi kwanza, nzito mwisho: Pinot Noir, Bonarda, Malbec bila pipa, Malbec ya pipa. Nne zinatosha. Zifunge kwa karatasi, watu wasione bei wala muhuri. Weka mkate mweupe na maji, si karanga zenye chumvi, kwa sababu chumvi italainisha kila kitu na hutajua mvinyo upi ni laini kwa asili yake. Baada ya kuonja bila nyama, leta vipande vya nyama vyenye chumvi tu, mwonje tena kwa mpangilio uleule. Mara nyingi mvinyo ulioshinda mwanzo haushindi mara ya pili, na hapo ndipo utajua ya kununua kwa ajili ya mlo.

Chupa iliyofunguliwa inakaa siku ngapi? Na isiyofunguliwa?

Iliyofunguliwa ikizibwa na kurudishwa kwenye friji, siku tatu hadi tano. Isiyo na salfaiti, siku moja au mbili. Kuiacha juu ya kabati kwenye nyuzi 30 ni kuifanya siki. Ihamishie kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi shingoni, hewa ikose nafasi.

Isiyofunguliwa hupenda giza na nyuzi 12 hadi 14, ikilala kama ina kizibo cha gome. Asiye na mahali hapo asinunue za kuweka. Malbec ya kawaida ni ya kunywa ndani ya miaka mitatu minne tangu mavuno, na kwenye nyumba ya joto ni ndani ya miezi michache tangu dukani. Chini ya kabati la jikoni, karibu na jiko, ni pabaya kuliko chini ya kitanda. Iliyozidi siku zake, kama bado haijawa siki, tia kikombe kimoja kwenye rosti la nyama ya mfupa baada ya vitunguu kuiva, na uiache ichemke bila kufunika kwa dakika kumi kabla ya kuongeza maji.